Vikanyagio vya pikipiki ya kuunda upya viwekwe wapi? Fremu ya CG125, Pemba

mtu_wa_Gando
Asalaam alaykum wadau. Fremu ni ya CG125, pikipiki ndogo ya muundo wa Honda, na breki ya nyuma ni dramu inayovutwa kwa fimbo ya chuma. Siti imejengwa mpya, bapa, na mtu akishakaa juu yake ni 780 mm kutoka chini. Usukani umeshushwa. Kilichobaki ni vikanyagio. Vya asili vimo kwenye ile baa inayofungwa chini ya injini kwa bolti nne, na kwa siti hii vimekaa mbele mno, mwili wote unaegemea mikono. Mmoja anashauri vitumike vya abiria vilivyoko nyuma, basi yaishe. Mwingine anasema virudi nyuma 150 mm na vipande juu 50 mm, kama zile za mashindano zinazoonekana kwenye picha. Mwendeshaji ana urefu wa sentimita 172, kilo 80. Kazi yake ni Wete–Chake kila siku, na mara nyingine njia za vumbi za Konde hadi Makangale. Nahitaji vipimo, aina ya chuma, na nijue kinachoharibika mtu akikosea.

mshika_spana
Waalaykum salaam. Picha iache kwanza. Anza na goti.

Paja na muundi wa mtu wa urefu huo ni kama 430 mm kila kimoja, kutoka nyonga hadi goti na kutoka goti hadi kifundo. Nyonga iko juu ya siti kwa takriban kiasi kilekile ambacho kifundo kiko juu ya kikanyagio, kwa hiyo masafa ya mshazari kutoka sehemu unayokalia hadi kikanyagio unaweza kuyachukua kuwa ndiyo masafa ya nyonga hadi kifundo. Pembe iliyo nyuma ya goti, kati ya paja na muundi, ikiwa digrii 90 masafa hayo ni 608 mm. Digrii 80 ni 553 mm. Digrii 70 ni 493 mm. Chini ya 70 damu haipiti vizuri nyuma ya goti, na mguu huanza kufa ganzi kabla hujafika Chake.

Sasa pima kilichopo. Kama vya asili viko 500 mm chini ya siti na 250 mm mbele ya nyonga, mshazari ni 559, goti liko kwenye digrii 81. Hapo goti halina tatizo, tatizo ni mizani tu. Ukirudisha 150 na kupandisha 50 unabaki na 450 chini na 100 mbele, mshazari 461, goti digrii 65. Hiyo ni ya mtu anayezunguka uwanja dakika ishirini kisha anashuka. Ukirudisha 100 na kupandisha 20 tu, unapata 480 na 150, mshazari 503, goti digrii 71 na kitu. Hapo panakalika, na mwili umeshatoka mikononi kwa sababu miguu iko karibu chini ya nyonga na inaweza kubeba.

Kama roho inataka ile ya 150 na 50, basi siti ipande kwa 40 mm, vinginevyo goti ndilo litakalolipa.

kerezo_mjini
Naunga mkono hesabu ya shehe hapo juu, ila naongeza jambo ambalo wengi hawaligusi: upana.

Watu wanapandisha vikanyagio ili visikwaruze chini kwenye kona. Pembe ya kulaza pikipiki kabla ncha haijagusa lami unaipata kwa kugawa kimo cha ncha kwa umbali wake kutoka mstari wa katikati ya tairi, kisha kutafuta pembe ambayo tanjenti yake ni jibu hilo. Kimo 280 na umbali 360 ni digrii 38 hivi. Pandisha 50, yaani kimo 330, unapata 42 na nusu. Lakini kumbuka vya asili vimetoka nje kiasi hicho kwa sababu vinaikwepa injini na kava la klachi. Ukivirudisha nyuma ya injini, pale fremu ilipo nyembamba, unaweza kuvivuta ndani hadi 320. Kimo 300 kwa 320 ni digrii 43. Umepata zaidi ya yule aliyepandisha 50, na goti lako hujalisumbua.

Pima mtu akiwa amekaa, na ujue kwamba kwenye kona yenye bonde shokapu zinazama tena 40 mm hivi. Ile 300 kwa 360 inayoonekana digrii 40 gereji inakuwa 36 barabarani.

Na ncha lazima iweze kukunjika, juu na kurudi nyuma. Kikanyagio kigumu kikigusa lami kinainyanyua pikipiki juu ya tairi lake, na hapo hakuna fundi wa kukuokoa.

bolti_nane
Mimi naona mnakuza mambo. Vikanyagio vya abiria vipo, vina bracketi yake, bei sifuri. Unahamisha leva ya gia na pedeli ya breki, unaondoka. Mitaa yote ya Mjini zinaonekana hivyo.

fundi_Matemwe
@bolti_nane, hapo pana hatari, tena kubwa. Kwenye fremu nyingi za aina hii vikanyagio vya abiria vimefungwa kwenye swingamu, ule uma unaoshika tairi la nyuma, havipo kwenye fremu. Tairi likipanda, navyo vinapanda. Abiria amekaa tu, kwake si kitu. Mwendeshaji akiweka mguu hapo kila tuta linampiga wayo, na leva ya gia iliyounganishwa kwa fimbo kutoka hapo itasukumwa na kuvutwa bila yeye kugusa kitu. Gia inaingia au inachomoka yenyewe juu ya matuta. @mtu_wa_Gando, tingisha tairi la nyuma juu chini na utazame: kikanyagio kikienda nalo, hapo hapafai.

Tena breki. Hii ndiyo sehemu inayoharibu kazi nyingi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Fimbo ya breki inatoka kwenye pedeli hadi mkono wa dramu. Dramu inapanda na kushuka pamoja na swingamu, na inazunguka kwenye duara ambalo kitovu chake ni bolti ya swingamu. Mwisho wa mbele wa fimbo ukiwa karibu na kitovu hicho, urefu haubadiliki na breki haijui kama umepita tuta. Ukiwa juu au chini ya kitovu, urefu unabadilika. Tairi likitembea 80 mm kwenye swingamu ya 450 mm, pembe ni kama digrii 10. Fimbo iliyo 100 mm chini ya kitovu itavutwa karibu 17 mm. Hizo zinatosha kufunga tairi katikati ya shimo. Ikiwa 100 mm juu ya kitovu ni kinyume, breki inalegea wakati ule ule unapoihitaji. Ikiwa ndani ya 30 mm, mabadiliko ni kama 5 mm.

Linganisha na uchezaji. Pedeli ya dramu kwa kawaida huachiwa 20 hadi 30 mm kabla breki haijashika. Pedeli ikiwa na nguvu ya 4 kwa 1, 25 mm za pedeli ni kama 6 mm tu kwenye fimbo. Kwa hiyo 30 mm juu au chini ya bolti ya swingamu ndio mpaka wa mwisho. Mbele na nyuma una nafasi zaidi, kwa sababu huko urefu haubadiliki sana.

Ndiyo maana nasema nafasi ya kikanyagio cha kulia huchaguliwa na bolti ya swingamu. Cha kushoto kinafuata cha kulia.

mtu_wa_Gando
Nimeitingisha. Vya abiria viko kwenye swingamu kweli. Basi hivyo nimeviacha. Hiyo 4 kwa 1 inapimwaje? Na gia je, fimbo yake inafuata sheria gani?

fundi_Matemwe
Pima kutoka kwenye pini ya pedeli hadi katikati ya pale mguu unapokanyaga, halafu kutoka pini hiyohiyo hadi tundu la fimbo. 120 kwa 30 ni 4. Pima ya asili kabla hujakata kitu, kisha pedeli mpya iwe na uwiano uleule. Wanaofupisha pedeli ili ipate nafasi huishia na 80 kwa 30, nguvu imepungua kwa theluthi moja na mtu anadhani viatu vya breki vimekwisha.

Mkono wa dramu nao, breki ikishashika kabisa, usimame digrii 90 na fimbo. Ukipita hapo kila unavyokanyaga zaidi ndivyo nguvu inavyopotea. Unasahihisha kwa kuuchomoa mkono kwenye meno ya shafti yake na kuurudisha jino moja. Na ile baa inayozuia sahani ya dramu isizunguke isiondolewe kwa ajili ya sura. Bila hiyo sahani inageuka na fimbo inang'oka.

mshika_spana
Gia. Leva ya asili imekaa moja kwa moja kwenye shafti ya gia, urefu kama 130 mm hadi kidole. Ukirudisha vikanyagio unaweka mkono mfupi kwenye shafti, fimbo, halafu leva mpya inayozunguka kwenye kikanyagio. Hesabu: urefu wa leva mpya mara mkono wa shafti, gawa kwa umbali wa tundu la fimbo kwenye leva. Leva 120, mkono 40, tundu 40, jibu 120. Karibu na ya asili, vizuri. Mkono ukiwa 60 jibu ni 180: gia laini lakini mguu unasafiri mbali, haufiki mwisho, unapata nyutro za uongo, yaani gia haiingii popote. Mkono ukiwa 25 jibu ni 75: gia ngumu, na mguu unalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi.

Fimbo isimame digrii 90 na mikono yote miwili gia ikiwa imetulia. Mikono yote miwili ielekee juu, au yote chini. Mmoja juu na mmoja chini mpangilio wa gia unageuka, na mtu anayetaka kupunguza gia kwenye mteremko anaongeza. Pikipiki ndogo nyingi gia zote huingia kwa kukanyaga mbele, kwa hiyo hakikisha ya kwako ikoje kabla ya kuchomelea.

Tumia boljointi ndogo za M6 (nyuzi za kipenyo cha 6 mm) kila upande, moja nyuzi za kulia na nyingine nyuzi za kushoto. Hapo unaizungusha fimbo tu ili kurefusha au kufupisha, bila kufungua kitu. Leva ikae ili kutoka katikati ya kikanyagio hadi kidude cha kidole pawe na 120 hadi 130 mm kwa kiatu cha 42.

binti_Kizimkazi
Samahanini kaka zangu, hapo kwenye kiatu cha 42. Nani huku anaendesha na viatu vya buti kila siku? Watu wanaendesha na makubadhi na kandambili. Leva ya asili ya CG ina upande wa kisigino kwa sababu hiyo: unakanyaga kwa kisigino, kidole hakinyanyui chuma. Vikanyagio vikirudi nyuma upande wa kisigino unakosa nafasi, na kila gia ya kunyanyua inasuguliwa kwenye ngozi ya juu ya mguu. Walau kidude cha kidole kivalishwe mpira wa 20 mm, na kiwe kirefu cha 45 mm kutoka kwenye leva.

Na abiria mmemsahau. Mama akipanda amekaa upande, miguu iko kushoto, na kwenye CG cheni iko kushoto. Wanaounda upya huondoa lile kava zima la cheni kwanza kabisa, eti zito. Buibui au kanzu ikishaingia kwenye sprocketi ya nyuma hakuna pa kushika. Kava likiondoka basi kikingio cha juu kibaki, na pale sprocketi inapoanza kula cheni kuwe na bati linaloshuka. Kikanyagio cha abiria cha kushoto kiwekwe kibao cha 250 kwa 90 mm, maana aliyekaa upande anaweka miguu yote miwili mahali pamoja.

kerezo_mjini
Ahsante dada, hilo la kava lizingatiwe na kila anayesoma. Kibao hicho kiwe cha kukunjika pia.

Nije kwenye chuma. Kilo 80 ikishuka kwenye tuta chukulia mara tatu, yaani newtoni 2,400, na wakati mwingine mguu mmoja ndio unaopokea. Mguu uko 100 mm kutoka kwenye bracketi. Nondo laini ya duara ya 20 mm hapo inapata mkazo wa megapaskali 305, na chuma cha kawaida huanza kupinda kwenye 250. Itapinda. Ya 25 mm inapata 156, salama. Bomba la 25 lenye ukuta wa 2 mm linapata 312, litapinda. Lenye ukuta wa 3 mm linapata 235, liko ukingoni. Kwa hiyo nondo ya 25, ikerezwe meno ya almasi ili mguu wenye mchanga au maji usiteleze. Alumini tupu bila meno wakati wa masika ni hatari.

Bracketi iwe plati ya chuma ya 6 mm, au alumini ya 10 mm kama unaipata ile ngumu ya 6082. Bolti za kufungia bracketi M8 mbili au zaidi, daraja 8.8, kaza kwa newtoni-mita (Nm) 22 hadi 25, zisikae karibu kuliko 50 mm kutoka moja hadi nyingine. Pini ya kukunjia M10. Bolti moja tu haitoshi hata ikiwa nene, kwa sababu bracketi itazunguka.

Kuhusu bolti za chuma cha pua zinazong'aa: A2-70, daraja lao la kawaida, huanza kuvutika kwenye megapaskali 450, na 8.8 kwenye 640. Hazilingani. Na chuma cha pua ndani ya alumini, kwa chumvi ya hewa yetu, alumini inaliwa hadi bolti inashikana humo. Ukilazimika kuzitumia weka grisi isiyo na shaba kwenye nyuzi, na washa kati yake.

bolti_nane
Nimekubali kuhusu swingamu, sikujua fimbo inavutwa hivyo. Lakini fremu ya CG haina pa kufungia bracketi nyuma ya injini. Mtafunga wapi? Klampu za bomba?

mshika_spana
Klampu hapana. Inateleza kidogo kidogo na inakwaruza rangi, kutu inaanza chini yake ambapo huoni. Chomelea masikio, yaani vipande vya chuma vyenye tundu la bolti.

Kabla ya kuchomelea toa betri, chomoa CDI (kisanduku cha umeme wa plagi) na rektifaya (kigeuza umeme wa kuchaji betri). Klampu ya ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea) ishike kwenye fremu karibu na unapochomelea, umeme usipite kwenye bearingi za injini. Bomba la fremu ni jembamba, kwa hiyo rodi ya 6013 ya 2.5 mm na ampea 70 hivi, vipande vifupi vya 20 mm, acha ipoe. Rodi ziwe kavu. Hewa yetu ina unyevu na rodi iliyolowa inatoa weldi yenye vitundu. Usilichomelee sikio moja kwa moja kwenye bomba. Weka kwanza kiraka cha 3 mm kilichopindwa kufuata duara la bomba, ncha zake zimechongwa kama mdomo wa samaki, kisha sikio juu yake. Weldi iende kwa urefu wa bomba. Ikilizunguka bomba kama pete, fremu itapasuka palepale.

Unaweza pia kutumia bolti ya swingamu yenyewe kama tundu moja la bracketi, ndefu zaidi na spesa iliyokerezwa, halafu sikio moja la kuchomelea kwa tundu la pili. Inakuweka karibu na kitovu alichosema fundi Matemwe. Ila ukiikaza swingamu lazima iendelee kucheza kwa mkono bila kukwama. Ikikwama spesa ni fupi na unabana bushi.

Kwanza kabisa tengeneza bracketi za plaiwudi ya 12 mm, matundu kila 20 mm, zibane kwa klampu. Funga pikipiki isimame wima, kaa juu yake dakika ishirini na viatu au makubadhi unayovaa. Usisimame juu ya mbao, ni ya kukalia tu. Pima kushoto na kulia kutoka bolti ya swingamu, usipime kutoka ekzosi wala injini, maana hizo hazilingani.

mtu_wa_Gando
Kwa plaiwudi nimeshapata: kurudi nyuma 105, kupanda 20, ncha 325 kutoka katikati. Fimbo ya breki inakuwa 22 mm chini ya bolti ya swingamu. Lakini kiki inagonga kikanyagio cha kulia.

fundi_Matemwe
22 inakubalika, ila pedeli uiachie uchezaji wa 25 mm, usiikaze ya 15 kwa kupenda breki ya haraka.

Kiki ndiyo kawaida ya upande huo. Kikanyagio kikunjike hadi kisimame, na springi yake iwe na nguvu ya kukirudisha. Kabla ya kupiga kiki unakikunja kwa mguu. Kama hata kikikunjwa kiki bado inagusa, unaweza kuisogeza kwa jino moja kwenye shafti yake, mradi isigonge kava ikishuka. Usiikate wala kuipinda kwa moto.

Angalia mambo mengine mawili. Ukisimama na kuweka mguu chini, kikanyagio kisikupige shavu la mguu. Kwa barabara zetu zilizoinama kushoto ndio mguu wa kushoto unaotangulia. Na kama ukitoa baa ya asili stendi ya pembeni inatoka nayo, itafutie bracketi yake kwenye fremu.

mtu_wa_Konde
Nimechelewa kuingia, lakini hizo njia za Makangale ni za mawe na mchanga. Mtu anasimama juu ya vikanyagio sana. Akisimama magoti yamepinda kidogo na mikono imelegea, je anabaki mahali pake au anavuta usukani? Akivuta, vikanyagio viko mbele. Akisukuma, viko nyuma mno. Jaribu hilo na plati za chuma zikiwa zimefungwa kwa muda, kabla ya weldi ya mwisho. 105 kwa usukani ulioshushwa naona inaweza kuwa nyingi kidogo wakati wa kusimama; andaa bracketi yenye matundu mawili, moja la 85.

kerezo_mjini
Wazo zuri, ila akihamia tundu la 85 pedeli ya breki na leva ya gia zihame pamoja nalo kwenye plati ileile, tundu la fimbo lisibadilike kimo. Na swichi ya taa ya breki usiisahau: kile kispringi cha asili hakitafika. Weka kipya kirefu, taa iwake pedeli ikishuka 10 hadi 15 mm, kabla breki haijashika.

Baada ya kilomita 50 za kwanza kaza tena bolti zote kwa spana ya kupimia nguvu, kisha baada ya 300. Futa weldi kwa kitambaa na uangalie mistari ya kutu kama nywele. Rangi ikipasuka kwenye ncha ya kiraka, usiiendeshe, iondoe na uikague chini ya rangi.

mtu_wa_Gando
Nimeelewa. Plati ya 6 mm inakatwa kesho, matundu ya 85 na 105. Nondo ya 25 nitaitafuta Chake. Spesa ya bolti ya swingamu ikerezwe kwa kipenyo gani cha nje?

kerezo_mjini
Tundu la ndani lipite bolti kwa 0.2 mm tu, kipenyo cha nje 28, nyuso mbili zikerezwe kwa kushikwa mara moja ili ziwe sambamba. Pima urefu kwa venia (kalipa ya kupimia) baada ya plati kupakwa rangi.